Picha za harusi ndani na mbio za punda Lamu: anza na kasi ya shata

Ndugu yangu, nimekuelewa: harusini picha zina giza na watu wamefifia, na punda wa mbio hawaonekani vizuri. Kamera si mbovu. Ukiiachia otomatiki, penye mwanga mdogo huacha shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga) wazi muda mrefu, na kila kinachosogea huacha mburuzo.

Iweke kwenye hali ya S (Canon huandika Tv), uchague kasi ya shata mwenyewe. Punda anataka 1/1000 ya sekunde, na jua la mchana linatosha. Washa fokasi endelevu inayomfuata anayesogea (huandikwa AF-C au AI Servo), na umfuate kwa lenzi kabla hajakufikia.

Ndani ndiko kwenye kazi. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na mwanga haba. Aliyekaa, 1/125, anayecheza ngoma, 1/250. Kwenye S kamera yenyewe hufungua tundu la lenzi hadi namba ya f iwe ndogo kabisa; wewe pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600, 3200, hata 6400. Usiogope chenga, yaani vidoa vidogo vya ISO kubwa: picha yenye chenga bado inafaa, iliyotikisika haifai. Ukipata pesa, nunua lenzi ya 50mm f/1.8 kabla ya kamera mpya: huingiza mwanga karibu mara kumi kuliko lenzi ya f/5.6.

Upande wa wanawake usipige bila idhini ya wenyewe, wala usirushe mtandaoni.

Ufukweni usibadilishe lenzi. Mchanga ukiingia kwenye sensa (kioo cha ndani kinachopokea picha), usiifute kwa kitambaa, mpelekee fundi wa kamera.