Maswali ya Wasomaji: Krayoni za Ubao Mweupe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba, nami ninaishi Tabata. Mwezi uliopita shangazi yao alirudi safarini akawaletea ubao mweupe mdogo pamoja na boksi la krayoni ambazo alisema hufutika kama maka peni. Watoto wamezipenda mno, lakini kila nikifuta kwa dasta iliyokuja na ubao, rangi inatapakaa na kuacha ukungu wa buluu. Isitoshe, mdogo amekwisha kutafuna moja. Je, krayoni hizi ni bora kuliko maka peni, au niwarudishie watoto chaki zao? – Mama wa Wawili, Tabata.

JIBU: Mama wa Wawili, nianze na kosa ambalo si lako. Dasta uliyopewa ilitengenezwa kwa ajili ya maka peni, na kwa krayoni haifui dafu. Wino wa maka peni ya ubao mweupe ni rangi iliyochanganywa na alkoholi pamoja na kiasi kidogo cha kitu chenye mafuta kinachozuia rangi isishike. Alkoholi ikishapaa, jambo ambalo huchukua sekunde chache tu, kinachobaki ubaoni ni utando mwembamba mkavu ambao dasta ikiugusa unabanduka. Krayoni haikauki kwa sababu haina cha kukauka. Ni nta na rangi, na hubaki nta vile vile tangu unapoandika hadi unapofuta. Dasta haiwezi kuibeba nta hiyo. Huisogeza tu kutoka hapa kwenda pale, na huo ndio ukungu wa buluu unaokusumbua.

Kinachotakiwa ni kitambaa kikavu chenye uwezo wa kuzoa. Kabla ya kukujibu nilinunua boksi langu na kukaa nalo majuma matatu, nikijaribu vitambaa vinne: taulo kuukuu, kipande cha kanga mpya, kipande cha kanga iliyochakaa na soksi ya mtoto. Kanga mpya, ambayo bado ilikuwa na ugumu wake wa dukani, iliteleza juu ya nta bila kuchukua kitu. Ile iliyochakaa ilifanya vizuri, na taulo pia, ila mshindi alikuwa soksi, kwa kuwa mtoto huivaa mkononi kama glovu, anafuta, anaigeuza upande wa pili ukichafuka, na kufuta kwenyewe kunageuka kuwa mchezo. Soksi hiyo ifuliwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kila baada ya siku mbili tatu, vinginevyo nta ya juzi itarudi ubaoni leo.

Muda nao una neno lake. Maandishi niliyoyafuta asubuhi ile ile yalitoka kwa kupitisha kitambaa mara mbili au tatu. Jina ambalo mjukuu wangu aliliandika Ijumaa na mimi nikalisahau hadi Jumatatu lilihitaji kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kwani vumbi la barabara yetu lilikuwa limekwisha kujipaka juu ya nta. Kwa hiyo futeni kila siku kabla ya kulala. Ukungu uliopo sasa utauondoa kwa maji hayo hayo ya sabuni, na ukikaidi, kwa pamba iliyochovywa spiriti kidogo. Usithubutu kutumia steli waya wala sabuni ya unga yenye chembechembe. Mbao nyingi nyeupe za bei nafuu zimefunikwa kwa melamini, na ngozi hiyo ikikwaruzwa, nta huingia kwenye mikwaruzo na haitoki tena. Ubao wa kioo au wa chuma chenye enameli huvumilia zaidi, lakini bei yake si ya kumpa mtoto wa miaka minne auburuze sakafuni.

Hapa niseme jambo lililonishangaza mwenyewe. Ubao uliofutika vizuri kuliko yote niliyoijaribu ulikuwa kipande cha marumaru nyeupe ya kung'aa kilichobaki fundi alipomaliza bafu letu. Krayoni ilishika vizuri, ikafutika kwa soksi kavu, na hakuna alama iliyobaki hata baada ya siku nne. Kingo zake ni kali, kwa hiyo nilizizungushia utepe wa karatasi wenye gundi, na kwa uzito wake kinafaa kukaa mezani tu, si kubebwa. Msiandike kwenye marumaru za ukutani, kwa sababu saruji iliyo kwenye viungo hunyonya nta na haiiachii.

Kuhusu huyo mtafunaji: krayoni za watoto zinazotengenezwa kwa kufuata kanuni huwa na alama kwenye boksi, kwa mfano herufi AP ndani ya duara kwa bidhaa zilizopimwa Marekani, au namba EN 71 kwa zile za soko la Ulaya. Alama hizo zina maana kwamba viambato vimekaguliwa, na kwamba kipande kilichomezwa kwa bahati mbaya hakitarajiwi kumdhuru mtoto kwa sumu. Hazina maana kwamba hakiwezi kumkaba. Vipande vilivyofupika kuliko kidole gumba chako viondoe, na kama boksi halina alama yoyote, mimi nisingempa mtoto ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni. Kwa upande huu krayoni inaishinda maka peni, ambayo ina harufu inayopanda kichwani na kifuniko ambacho ama kinapotea ama kinaishia mdomoni.

Je, ni bora, basi? Kwa mdogo, ndiyo, bila kusita: anachora, anakandamiza, anaiacha wazi usiku kucha, na asubuhi inaandika kama jana. Kwa yule wa miaka saba nasita. Anayejifunza kuandika herufi kwenye mistari anahitaji ncha nyembamba, na krayoni niliyoichonga ilidumu na ncha yake kwa mstari mmoja na nusu, kisha ikawa butu. Mabaki ya kuchonga nayo huanguka sakafuni, yakakanyagwa, yakahamia kwenye mkeka. Huyo mpe penseli na daftari, au maka peni ya ncha nyembamba, na krayoni ziwe za hesabu za haraka haraka na michoro.

Mambo mawili madogo kabla sijahama. Msiziache kwenye gari: nta ya krayoni huanza kulainika joto likipita nyuzi 40, na gari lililofungwa vioo juani mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam hulivuka joto hilo upesi. Tena ukienda kununua nyingine, soma boksi kwa macho yako mwenyewe. Katika duka moja Kariakoo niliuzwa krayoni za kawaida kwa maelezo kwamba “zote zinafutika”, nami kwa haraka zangu nikaamini. Zilinichukua nusu saa kuzitoa ubaoni. Neno la kutafuta ni “Dry-Erase”. Zilizoandikwa “Washable” peke yake zimekusudiwa kutoka kwenye nguo na ngozi kwa maji na sabuni, na hilo ni jambo jingine.

SWALI: Mhariri, ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi wilayani Temeke, na wanafunzi wangu ni zaidi ya sitini. Tulipewa ubao mweupe mkubwa na mfadhili, lakini maka peni zinaisha au kukauka kabla ya mwezi kumalizika, na mara nyingi ninazinunua kwa fedha yangu. Nimesikia kuna krayoni zisizokauka. Je, zitaniokoa? – Mwalimu wa Temeke.

JIBU: Mwalimu, kwa ubao huo mkubwa, hapana. Nilimwomba rafiki yangu anayefundisha aniachie darasa lake kwa kipindi kimoja, nikaandika kwa krayoni kwenye ubao wa futi 8 kwa 4, kisha nikaenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Nyeusi na buluu zilisomeka pale tu herufi zilipokuwa na urefu wa kiganja. Kijani ilihitaji kukodoa macho. Njano na rangi ya chungwa zilikuwa kama hazikuandikwa. Ili mstari ukolee ni lazima ukandamize, na mkono wangu ulichoka kabla sijamaliza sentensi ya tatu. Kufuta ndiko kulikonikatisha tamaa zaidi, maana dakika nzima unalipa mgongo darasa huku ukisugua kwa kitambaa, na mwalimu wa watoto sitini anajua dakika moja ya kulipa darasa mgongo inazaa nini.

Zaidi ya hayo, ukianza na krayoni kisha ukarudi kwenye maka peni juu ya ubao ambao haujasafishwa vizuri, nta huziba ncha ya maka peni, na utakuwa umeongeza hasara juu ya hasara. Maka peni zako zitadumu zaidi zikilazwa badala ya kusimamishwa, na kifuniko kikirudishwa kila unaponyamaza kuandika, hata kama ni kwa kumjibu mtoto mmoja. Na kama ule ubao mweusi wa zamani bado uko ukutani, usione haya kuurudia. Chaki nyingi hutengenezwa kwa jasi, nayo jasi tunayo Itigi, Makanya na Kilwa. Chaki zimekuwa zikitengenezwa hata Maswa, mkoani Simiyu. Vumbi lake linakera, nakubali, lakini kufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kunalipunguza. Kwa taarifa yako, malalamiko ya walimu kuhusu vumbi ni ya zamani kuliko ubao mweupe: kampuni ya Marekani ya Binney & Smith, iliyoanza kuuza krayoni za Crayola mwaka 1903, rangi nane kwa senti 5, ilikuwa imetangulia kuwauzia walimu chaki isiyo na vumbi, na chaki hiyo ndiyo iliyoipatia medali ya dhahabu katika maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904.

Mahali ambapo krayoni hizi zingekufaa ni mapajani mwa wanafunzi. Karatasi nyeupe ngumu ya A4 iliyolaminetiwa katika duka lolote la steshenari ni ubao kamili wa mtoto mmoja, na nta hutoka juu yake kwa kitambaa kikavu bila ubishi. Unauliza tano ongeza tatu ni ngapi, wanaandika, unasema “inua”, na kwa kutupa jicho mara moja unaona nani ameandika nane, nani ameigeuza nane ikalala, na nani anachungulia kwa jirani. Katika kufundisha KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) sijui njia ya haraka zaidi ya kujua nani ameachwa nyuma. Fikiria zoezi hilo hilo kwa maka peni sitini na vifuniko vyake sitini. Krayoni huvunjwa katikati, kwa hiyo boksi la rangi nane linahudumia watoto kumi na sita, ingawa utalazimika kuamua nani apewe ile njano. Anza na dawati moja moja kwa zamu, watoto wawili wawili kwa ubao mmoja, na kila mmoja aje na soksi kuukuu kutoka nyumbani.

SWALI: Mjukuu wangu amechora meli ya krayoni ukutani sebuleni, nami nina wageni Jumapili. Nifanyeje? – Babu, Kigamboni.

JIBU: Shikamoo Babu. Jaribu kwanza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua taratibu kwa kuzungusha, na uanzie nyuma ya mlango uone kama rangi ya ukuta inabaki mahali pake. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta utasafishika. Kwenye rangi ya maji, dawa nyeupe ya meno juu ya kitambaa kibichi hung'oa nta nyingi, lakini hung'oa na rangi kidogo, kwa hiyo usisugue kwa hasira. Ukiamua kupaka rangi upya, hakikisha fundi ameiondoa nta yote kwanza, maana rangi ya maji haishiki juu ya nta, na meli hiyo itakuja kuchungulia tena mbele ya wageni.