Pikapu ikilia breki, kwanza jiulize inalia lini

Mara ya tatu nilipobadilisha pedi za mbele ndani ya miezi saba, nilijua kuna anayenichezea. Sikujua tu kama ni fundi, muuza spea au gari lenyewe. Ni Hilux ya dizeli, ya zamani, diski mbele na dramu nyuma kama pikapu nyingi za huku kwetu. Napakia kabichi, karoti na viazi Lushoto, nashusha Mombo, na bei ikiwa mbaya nanyoosha hadi Tanga. Kila nikiweka pedi mpya napata wiki mbili tatu za utulivu, kisha filimbi inarudi. Ilifika mahali watu wa Soni, njiani kushuka Mombo, wananisikia kabla hawajaniona.

Jirani yangu ni dereva mstaafu wa malori. Jioni moja alinisikia naingia nyumbani, akaja.

"Mwanangu, hiyo inalia ukikanyaga au ukiachia?"

"Inalia tu, mzee."

"Hakuna inalia tu. Ikiwa na mzigo au tupu? Ikipata moto au ya baridi? Kulia au kushoto?"

Sikuwa na jibu hata moja. Seti tatu za pedi nimeshanunua, na gari langu sijawahi kulisikiliza. Gereji nayo haikuwahi kuniuliza. Unafika, unasema breki zinalia, mtu anafungua tairi za mbele na kukwambia pedi zimekwisha, mama. Na kweli zimekwisha, kwa hiyo unalipa. Swali la kwa nini zimekwisha mapema hivyo linabaki chini ya uvungu pamoja na nati iliyodondoka.

Basi nikachukua daftari la mauzo, nikafungua ukurasa wa nyuma, na kwa wiki nzima nikaandika kila kelele. Redio nilizima. Mzee alinifundisha ujanja mmoja ambao nawapa bure: tafuta barabara yenye ukuta mrefu upande mmoja, shusha vioo, pita polepole kama kilomita 20 kwa saa huku ukigusa breki. Ukuta unakurudishia sauti. Kisha geuza, pita tena ukuta ukiwa upande wa pili. Hapo unajua kelele iko kulia au kushoto bila kufungua hata nati.

Kelele zenyewe hazifanani, na ukizizoea huchanganyi. Filimbi nyembamba inayosikika gari likitembea, na kubadilika ukikanyaga, mara nyingi ni kile kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi makusudi. Pedi ikibaki na milimita mbili au tatu, kibati kinagusa diski na kuanza kupiga kelele. Hiyo si hitilafu, ni taarifa, na una siku chache za kujipanga. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, ule unaousikia mpaka mguuni, ni jambo lingine. Hapo pedi imekwisha kabisa na bati lake linachimba diski. Gari hilo usilishushe mlima, hata kama mteja anasubiri.

Ukitoka kwenye njia ya changarawe ukasikia kwaruu kwaruu isiyokoma hata bila kukanyaga, shuku kijiwe kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Rudi nyuma mita chache, wakati mwingine kinadondoka chenyewe. Mvumo unaobadilika ukikata kona mara nyingi ni beringi, si breki.

Halafu kuna ko! moja tu, pale unapotoka nyuma kwenda mbele na kukanyaga kwa mara ya kwanza. Hiyo ni pedi inayocheza ndani ya kalipa, kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski. Yangu ilikuwa nayo, na chanzo chake kilinikera kuliko vyote. Kalipa za Hilux yangu hazitelezi. Zina pistoni nne, mbili kila upande, na pedi zinashikwa na pini mbili zenye springi ndogo. Nyuma ya kila pedi kuna vibati vyembamba vya kuzuia mtetemo. Fundi wa mara ya pili alirudisha pini akaacha springi, na vibati sikuviona tena. Nilipomrudia alinijibu, "Hivyo vya urembo tu, mama." Filimbi ya breki ni mtetemo, pedi inatikisika mara nyingi mno kwa sekunde hadi diski inaitikia kama kengele. Ukitoa vinavyozuia mtikisiko, ukishangaa kelele ni shauri yako.

Baada ya wiki, daftari lilisema hivi: filimbi kali, ukikanyaga tu, tairi zote mbili za mbele, gari likiwa na mzigo, inaanza ukishapita Soni kuteremka, na haikomi mpaka gari lipoe. Na mstari mmoja niliouandika bila kuufikiria: nikisimama Mombo, rimu za mbele zinaunguza, za nyuma ni vuguvugu.

Mzee alisoma, akaweka kidole kwenye mstari huo wa mwisho.

Nieleze kwanza kuhusu joto, maana watu wengi wanafikiri breki zinalia kwa kuchakaa tu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Gari na mzigo vikiwa tani mbili na nusu, nguvu inayotolewa na mteremko huo ingetosha kuchemsha ndoo tatu za maji za lita 20. Lazima iende mahali. Ama injini inaibeba, ukiwa gia ya pili au ya tatu, ama inaishia kwenye breki. Mimi nilikuwa nashuka na gia ya nne nikigusagusa breki njia nzima, nikidhani naokoa mafuta. Kumbe ukiachia mguu wa mafuta gari likiwa kwenye gia, injini ya dizeli kama yangu inakata mafuta karibu yote. Hakuna cha kuokoa. Pedi zikipikwa hivyo uso wake unakuwa mgumu, unang'aa kama kioo. Pedi ya kioo haikamati vizuri, na inaimba.

Nilipofungua, ndicho nilichokuta. Pedi zilikuwa bado na nyama, milimita sita hivi, lakini zimeng'aa. Diski zilikuwa na mabaka ya bluu. Hiyo rangi ni ya chuma kilichopita kwenye moto mkali.

Sasa, kwa nini nyuma vuguvugu? Pikapu nyingi za aina hii zina vali inayopima mzigo. Iko kwenye fremu upande wa nyuma, na kutoka hapo kuna fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli, ule mhimili wa tairi za nyuma. Gari likibeba, bodi inashuka karibu na ekseli, fimbo inasukuma, vali inaruhusu presha zaidi iende breki za nyuma. Gari likiwa tupu bodi inainuka, vali inapunguza presha ili tairi za nyuma zisijifunge na gari likakuzungukia. Mtambo mzuri sana, alimradi usiudanganye.

Nami nilikuwa nimeudanganya. Miezi kadhaa kabla ya hapo niliongeza majani mawili kwenye springi za nyuma, kama tunavyofanya wengi wenye kubeba viazi, ili gari lisilale. Gari likainuka. Kwa vali ile, hata nikiwa na gunia mpaka juu ya kabini, gari ni tupu. Breki za nyuma zikawa zinapata makombo, kazi yote ikabaki mbele. Nikahesabu tarehe: seti ya kwanza ya pedi ilikufa muda mfupi baada ya springi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote.

Kama umeongeza springi au umeinua pikapu yako, leo hii lala chini uitazame hiyo fimbo. Angalia pia kama kiungo chake kinacheza. Tope la mpunga likikauka pale kinaganda, na matokeo ni yale yale. Kurekebisha si kukunja kwa macho. Fundi niliyempata safari hii aliinua kishikio cha chini cha fimbo kwa kiasi bodi ilivyopanda, akapima kwa kufuata kitabu cha gari, kisha tukaenda kwenye uwanja mtupu kujaribu kwa mwendo mdogo, mtu mmoja akitazama kutoka nje. Tairi za nyuma zisijifunge kabla ya mbele. Ukizidisha presha ya nyuma unajitafutia balaa kubwa kuliko kelele. Asiyejua vali hiyo ni nini asiiguse, na asione aibu kusema hajui.

Dramu za nyuma zilikuwa na kasoro yake. Mlinzi wa kwanza wa dramu ni kutu, na watu wanaipiga nyundo mpaka inapasuka. Tazama usoni mwake: kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza kidogo huku kidogo huku, inajitoa yenyewe. Handibreki iwe imeachiwa, na kwa hiyo tairi za mbele ziwe zimewekewa mawe kabla hujainua jeki. Ndani, upande wa kushoto, breki shuu, zile zinazosukuma dramu kutoka ndani, zilikuwa zimelowa oili ya difu. Sili ya ekseli ilikuwa imekufa. Wapo wanaomwagia petroli shuu zilizolowa na kuziwasha moto ili "zikauke". Oili imeshaingia ndani ya laini, yaani ile nyama ya shuu inayosugua dramu, haitoki. Badilisha sili kwanza, kisha shuu, pande zote mbili, siku hiyo hiyo. Vumbi la humo usilipulizie kwa kompresa, hasa kama hujui laini za zamani zilitengenezwa na nini. Nyingine zilikuwa na asbesto, na hiyo ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Mbele nilinunua pedi orijino, vibati vyake na springi zake. Nilishanunua za elfu 35 mara tatu, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamikia bei. Kwenye diski kuna unene wa mwisho umechapwa, tafuta herufi MIN TH. Zangu zilikuwa bado juu ya namba hiyo, zikachongwa kidogo kutoa mabaka. Zikishuka chini ya namba hiyo hazichongwi, zinatupwa. Grisi ya breki, ile inayostahimili joto, ilipakwa kidogo nyuma ya pedi na pale pembeni inapoteleza. Usoni mwa pedi pasiguswe na grisi wala kidole chenye oili.

Mafuta ya breki nayo yalikuwa ya rangi ya chai. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu, na breki iliyochemka ina povu ndani yake. Pedeli inazama mpaka sakafuni. Kwa anayeshuka milima, kubadilisha kila miaka miwili ni nafuu. Hayaleti kelele, najua, lakini kama gari limeshafunguliwa na upepo utatolewa kwenye mabomba ya breki, yatoe yote.

Jambo moja ambalo karibu linigharimu: ukimaliza kuweka pedi mpya, pampu pedeli mara kadhaa kabla ya kuwasha gari. Pistoni zimerudishwa ndani, kanyago la kwanza ni hewa tupu. Mimi niliwasha, nikarudi nyuma, nikakanyaga, hamna kitu, na ukuta wa gereji ndio uliokuwa breki yangu siku hiyo. Kwa bahati nilikuwa naenda mwendo wa kobe.

Kisha zifundishe pedi kazi. Barabara tulivu, mwendo wa 60, punguza hadi 10 kwa kukanyaga kwa wastani bila kusimama, ongeza tena, rudia mara 20 hivi ukiziacha zipoe katikati. Usizipeleke pedi za siku moja kwenye mteremko na tani ya kabichi. Na ukifika chini ukakuta vijana wa kuosha magari wanakimbilia rimu za moto na ndoo ya maji, wazuie. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inapinda, na utarudi gereji na kelele mpya pamoja na usukani unaotikisika.

Pedi hizi zina mwaka na miezi miwili sasa. Juzi mzee alinikuta natoka alfajiri, akasimama kusikiliza.

"Bado inalia."

"Mara mbili tatu za kwanza tu, mzee. Usiku mvua ilinyesha. Ikishapata kutu ya umande inajikwangua, inanyamaza kabla sijafika barabara kuu."

"Kulia au kushoto?"

"Zote mbili."

"Hiyo iache," akasema, akarudi ndani.