Pampu na mabomba ya mafuta kwa injini ya kabureta
Ndugu, umeuliza kama pampu ya mafuta ya gari la injeksheni (mfumo unaonyunyiza petroli kwa shinikizo) itaifaa injini yako ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) yenye nguvu za farasi 400. Nisingeifunga, kwa sababu husukuma kwa psi 40 (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha shinikizo) au zaidi, ilhali kabureta nyingi huhitaji psi 5 hadi 7 tu. Shinikizo likizidi, sindano ya floti (vali ndogo inayozuia petroli bakuli la kabureta likijaa) hushindwa kuziba na petroli hufurika. Kwa mzigo kamili injini hiyo hunywa takriban lita 125 kwa saa, hivyo chagua pampu inayotoa zaidi ya hapo ikiwa kwenye shinikizo la kazi, si iliyopimwa ikimwaga mafuta bila kizuizi, kama matangazo yapendavyo. Pampu ya umeme ikae karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta. Bomba la inchi 3/8 linatosha.