Nimeuza bangili nikanunua koini, sasa silali

*Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Miye mke wa mtu, nipo Wete, nashona nguo. Niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la koini, hizi pesa za mtandaoni, kila siku watu wanatupia skrinishoti za faida, nikakaa pembeni nikitazama tu, mwisho nikaona nnachelewa, nikauza bangili zangu mbili za dhahabu nikanunua. Mwanzo ilipanda, nikamuingiza na wifi yangu. Sasa imeshuka zaidi ya nusu. Grupuni wanasema shikilia, anaeuza mwoga, na ongeza sasa hivi maana ipo chini. Mume wangu hajui. Niuze au nisubiri? Na vipi mtu na akili zangu nimefika huku? – Silali, Wete*

Waalaykum salaam mwanangu. Naanza na hilo la mwisho maana naona ndo linalokula roho yako zaidi. Akili zako zipo, hazijenda popote. Mwaka 1951 huko Marekani mtaalamu wa saikolojia, Solomon Asch, alikuwa anakalisha watu chumbani anawaonesha mistari, waseme upi unalingana na upi, jambo la kitoto kabisa, ila wote mle ndani walishapangwa waseme uongo isipokuwa mmoja. Basi katika hao waliojaribiwa, kiasi cha robo tatu walifuata kosa la wenziwao angalau mara moja, na huku mstari wanauona kwa macho yao! Sembuse weye na koini ambayo hata kuiona huioni. Na Isaac Newton, huyu huyu wa fizikia ya skuli, mwaka 1720 alikuwa na hisa za South Sea Company kule London, akauza kwa faida, akatulia, halafu akaona watu wanazidi kutajirika roho ikamruka akarudi kununua kwa bei ya juu, zikaporomoka, akapoteza pesa nyingi mno.

Sasa fanya hivi, fungua hilo grupu upande juu mpaka zile siku bei ilipokuwa inapaa, uangalie nani alikuwa anaandika. Utakuta watu wale wale wachache, skrinishoti, voisi za saa sita usiku, "wenye macho wameona", picha ya gari. Halafu tafuta mtu alieweka skrinishoti ya hasara. Hayupo. Na si kwamba hakuna aliepata hasara, ni kwamba alieumia ananyamaza kama unavonyamaza weye sasa hivi, kwa hiyo kila alie mle ndani anadhani yeye peke yake ndo kaumia na wengine wote wanajua kitu asichokijua yeye. Hawajui kitu. Wanaangaliana tu.

Karafuu yetu ikipanda bei huko duniani kuna sababu unaweza kuuliza ukajibiwa, mavuno, mvua, viwanda vya sigara vya Indonesia. Koini yako uliza ilipanda kwa nini, jibu ni kuwa watu walinunua. Walinunua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inapanda. Na katika hao watu ni weye, na ni wifi yako.

Hili la kuongeza nakukataza, hata shilingi moja usiongeze, usikope, usiguse pesa ya mchezo wala ya vitambaa vya wateja. Wataalamu wa saikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979 waliandika kuwa hasara inamuuma mtu kuliko inavyomfurahisha faida ya kiasi hicho hicho, ndo maana mtu akishapoteza yupo radhi acheze kamari kubwa zaidi ili tu asikubali kwamba kapoteza. Grupuni watakutajia Bitcoin, ile koini maarufu, kwamba Novemba 2021 ilifika kama dola 69,000, mwaka mmoja baadae ikawa chini ya 16,000, na Disemba 2024 ikapita 100,000. Ni kweli kabisa. Lakini hawatokutajia Luna, koini nyengine, Mei 2022 ilikuwa zaidi ya dola 80 na ndani ya wiki hivi ikabaki kama bure, nao waliambiana shikilia.

Niuze au nisubiri? Kwanza toka grupuni, usiage, toka. Lala siku chache bila ya kuchungulia bei. Halafu jiulize, hizi pesa zilizobaki ningekuwa nazo leo mkononi taslimu, ningenunua hii koini? Kama jibu ni hapana, uza, na usiisubiri irudi kwenye bei yako, soko halijui weye ulinunua kwa ngapi. Kama moyo unagoma kabisa basi uza nusu upate kulala. Kwa nilivyokusoma, miye naona uuze.

Mumeo mwambie wiki hii. Zile bangili kama ni za mahari yako ni mali yako, huendi kuomba ruhusa wala kuhukumiwa, ila mtu anaelala na simu chini ya mto na kila baada ya saa anageuka kuitazama, mume ataona, na atakachokifikiria yeye ni kibaya kuliko koini. Mwambie akishakula, umpe hesabu yote, usipunguze.

Halafu wifi yako, huyu hasubiri wiki. Barua yako haikusema kama yeye kaacha kununua, na aliingia kwa kukuona weye unafurahi. Mpigie leo, mwambie uliweka ngapi na imebaki ngapi, tarakimu kwa tarakimu, maana grupuni hakuna atakaemwambia.