Ni hasira au ni sukari?

Busia, Jumapili

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baba yako akiwa ameketi hapa. Unasema Alhamisi usiku mumeo, mgonjwa wa sukari kama baba yako, alikufokea kwa ajili ya ufunguo ambao ameushika mwenyewe mkononi, shati limelowa jasho na nje mvua inanyesha. Ukampa soda, akaisukuma. Ukambembeleza kwa chapati akala kipande, na ikapita karibu saa nzima kabla hajarudi kuwa yeye. Ndipo ukaniuliza: "Mama, nitajuaje kama ni sukari imeshuka au ni hasira zake tu?"

Hutajua. Miaka 22 nimekaa na baba yako na sindano zake za insulini, na mpaka leo siwezi kuapa kwa kumtazama usoni. Kwa hiyo mimi humpa sukari kwanza, kugombana tutagombana baadaye. Ikiwa ilikuwa hasira, nimepoteza vijiko vinne vya sukari, basi. Hata kama sukari ilikuwa juu, vijiko vile havitamwua. Iliyoshuka yaweza kumwua.

Kama mashine ya kupimia iko karibu na stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, zipo, mtoboe kidole. Kwa mashine inayosoma mmol/L, chini ya 4 imeshuka. Chini ya 3 ni hatari. Lakini bei ya stripu naijua. Zikiwa zimeisha na mtu anatetemeka mbele yako, mpe tu.

Dalili ambazo manesi hutufundisha ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, midomo kufa ganzi, macho kuona ukungu, maneno kuchanganyika. Zote kweli, ila kila mtu ana yake inayotangulia. Ya baba yako ni kifungo. Anakifunga kifungo cha shati, anakifungua, anakifunga tena kilekile, huku anazungumza vizuri kabisa habari za bei ya mahindi. Jasho linakuja baadaye, kwanza juu ya mdomo, matone madogomadogo. Ya mumeo huenda ni huo ugomvi. Mchunguze, ukishaijua ile ya kwanza, utakuwa unamwahi.

Na usimwambie "sukari yako imeshuka." Atakuapia yuko salama. Ubongo hauna ghala la sukari, unategemea ile inayopita kwenye damu, sasa inapopungua yule anayetakiwa kuamua ndiye mwenye njaa. Baba yako anataka niandike kwamba yeye, kwa ndani, huwa haoni kama amebadilika. Anaona ni sisi tumekuwa wajinga. Haya, nimeandika. Mimi humpelekea kikombe na kumwambia, "Hebu nionjee, imekolea?" Anaonja. Akionja mara tatu kimekwisha.

Humo kikombeni ni maji nusu na vijiko vinne vya chai vya sukari. Au nusu ya soda ya chupa ya 300, ile yenye sukari yake, si hii mpya ya wanaojipunguza. Au glukosi ya kopo. Halafu tulia dakika 15, upime tena. Bado iko chini ya 4, rudia vilevile. Hizo dakika 15 ndizo ngumu, utatamani kummiminia kilo nzima, kisha usiku kucha mhangaike na sukari ya 18. Ikishapanda, na chakula bado kiko mbali, mpe ndizi au kipande cha muhogo kiishike.

Chapati ndiyo iliyowachelewesha. Mafuta hukizuia chakula tumboni, sukari yake inafika damuni kwa kujivuta. Roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai, ni vivyo hivyo, chokoleti vilevile. Chapati ni ya baadaye.

Akiwa hawezi kumeza, au ameanguka hajitambui, usimtie kitu kinywani. Kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, piga kelele majirani waje, tafuteni gari mkimbilie kituo cha afya wampe glukosi ya mshipa. Na atatokea mjuaji aseme, "Huyu ni wa sukari, mchomeni insulini yake." Mfukuze.

Sasa umwulize, akiwa ametulia: sindano alichoma saa ngapi, na alikula saa ngapi? Hii insulini yao ya mchanganyiko huchomwa nusu saa kabla ya kula, na nusu saa ya jikoni unaijua. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki siku baba yako alipochoma alfajiri, mkaa ukawa umeloa, posho, yaani ugali, haikuiva, akasema atakula mbele ya safari. Akaanguka kwenye steji ya boda. Vijana wakadhani ni pombe ya waragi, mtu ambaye hajaionja tangu kuzaliwa, wakamwacha juani wakicheka mpaka alipopita mama muuza chai aliyemjua. Tangu siku ile nyumbani kwangu sindano haitoki mpaka nimeona chakula kimeiva kwa macho yangu.

Kama Alhamisi alikula vizuri, mwulize alifanya kazi gani mchana. Akilima kutwa, sukari yaweza kumshukia usiku wa manane amelala. Na malaria nayo hushusha, dawa yake ya kwinini zaidi, kwa hiyo akilazwa waambie mapema ana sukari.

Mfungo ukifika, ikishuka chini ya 3.9 anafungua, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana. Asikuletee ubishi wa dini. Mgonjwa amepewa ruhusa.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko hilo la ufunguo. Ulisema hii ni mara ya tatu mwezi huu. Ikishuka mara kwa mara mwili huzoea, unaacha kumtetemesha, na siku moja ataanguka bila onyo. Andikeni kwenye daftari siku, saa, namba na alichokula, mlipeleke kliniki wamtazamie upya kipimo cha dawa. Aende na wewe. Peke yake atasema hajambo.

Kesho nawapa watu wa basi la Arua kifurushi. Kuna makopo matatu ya glukosi: moja la kichwani pa kitanda, moja la kazini kwake, la tatu likae kwenye mkoba wako. Baba yako anasema mumeo ampigie baada ya magharibi, wazungumze wawili tu. Nilipouliza watazungumza nini, akaniambia ni mambo ya vifungo.

Mimi mama yako.