Muulize Fundi: Filta inatema mchanga kwenye swimingi

SWALI: Shikamoo fundi. Naangalia lodge ndogo ya mzee mmoja huku Mikindani, tuna swimingi na filta ya mchanga, ile ya tenki la faiba lenye vali ya mkono juu. Wiki ya tatu sasa maji yana ukungu hata nikitia klorini, halafu asubuhi nakuta pale chini maji yanaporudia kuna mchanga umelala kama mtu kaumwaga makusudi. Kaja fundi mmoja kasema mchanga umechoka, tuutoe wote twende na kirikuu ufukweni Shangani tukachote mwingine wa bure. Bosi kafurahi, mimi roho inasita, maana mwaka jana tu ulibadilishwa, na minada ya korosho ikianza wageni wanajaa. Hiyo filta inafunguliwaje? – Msimamizi, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hiyo roho iache isite hivyo hivyo. Mchanga wa Shangani waachieni watoto wachezee. Ule una chumvi, una vipande vya makombe ambavyo ni chokaa tupu, na punje zake moja kubwa moja vumbi, sasa vumbi litapita lirudi kwenye maji na mtakuwa mmerudi pale pale. Mchanga wa filta ni wa silika, umechekechwa, punje ziko kati ya milimita 0.4 na 0.8 hivi, unaagiza Dar unapakiwa kwenye basi, na kilo ngapi zinaingia angalia lebo ya tenki lenyewe usikisie.

Ila tatizo lako kwanza sio mchanga. Mchanga ukianza kutokea kwenye bwawa maana yake kuna kitu kimevunjika ndani. Chini kabisa ya tenki kuna vibomba vya plastiki vyenye nyufa nyembamba, vimetawanyika kama vidole vya mkono, kazi yake ni kupitisha maji na kuzuia mchanga. Kidole kimoja kikivunjika, au lile bomba la katikati likipasuka, mchanga unapita wazi. Na wewe unasema mwaka jana ulibadilishwa, basi mimi nahisi aliyebadilisha alimwaga gunia likatua kwenye vidole vikiwa vikavu. Nasema hivyo kwa sababu nimeshafanya mwenyewe, nikavunja viwili, nikafunga tenki bila kuangalia, kesho yake napigiwa simu naenda kuchota mchanga wangu mwenyewe kwenye bwawa la watu.

Kufungua sasa. Zima umeme kwenye meni swichi, sio kwenye taima, maana taima inaweza kuwasha pampu wewe mkono uko ndani. Funga vali za bomba la kutoka bwawani na la kurudi, hasa kama chumba cha pampu kiko chini kuliko bwawa, ukisahau hapo bwawa zima linahamia chumbani. Fungua kile kitundu cha kutoa hewa mpaka geji isome sifuri ndio uguse bolti, kabla ya hapo usiguse, tenki lenye presha linarusha kifuniko na kinaua mtu. Halafu fungua pulagi ya chini maji yatoke. Chukua maka pen uchore mstari kuanzia kwenye vali mpaka kwenye tenki ujue ilikaaje, ndio ulegeze klampu na uinyanyue taratibu huku unaizungusha kidogo, maana bomba la katikati limeingia kwenye tumbo la vali na ukivuta kwa hasira unalikata.

Hilo bomba lizibe mdomo na mfuko na selotepu. Mchanga toa kwa kopo la plastiki, chepe hapana kabisa. Utachukua nusu siku na mgongo utauma, ndio kazi yenyewe. Ukikuta umeshikana mabonge kama saruji usishangae, ukanda wetu huu mawe yake ni ya matumbawe na maji ya visima yana chokaa nyingi, basi maji yanatoboa njia pembeni ya mabonge yanapita bila kuchujwa, na huo ukungu wako huenda unatokea hapo.

Ukifika chini shika kidole kimoja kimoja, kikague kwa tochi, kilichopasuka badilisha, vingine loweka kwenye siki nyufa zizibuke. Wakati vali iko nje ifungue pia, ndani kuna gasketi ina umbo la gurudumu lenye spoku, ikikatika maji machafu yanaruka kurudi bwawani na utalaumu mchanga bure.

Kurudisha: simamisha bomba katikati likiwa bado limezibwa, jaza maji nusu tenki KABLA ya mchanga, halafu mimina kidogo kidogo mpaka kipimo cha lebo, juu lazima ibaki nafasi. Futa ukingo usibaki na punje hata moja, toa ule mfuko, oringi, ule mpira wa duara wa kuziba, paka grisi ya silikoni, vaselini hapana, inaharibu mpira. Ukiwasha anza na kuosha kinyumenyume mpaka kile kioo kidogo kionyeshe maji meupe, zima, hamishia kwenye kusuuza kama dakika moja, zima tena ndio uweke kuchuja. Usizungushe mkono wa vali pampu ikiwa inafanya kazi, gasketi nyingi zinafia hapo. Mwisho andika ukutani geji inasoma ngapi filta ikiwa safi, siku ikipanda kama 0.5 ya ba (kipimo cha presha) juu ya hapo unaosha, isipopanda usioshe.

SWALI: Fundi, sisi Lindi mjini tuna kile kibwawa kidogo, filta yake ni ya ile karatasi yenye mikunjo. Kijana anaipiga ukutani vumbi litoke halafu anailoweka kwenye asidi. Sawa hiyo? – Mama wa Lindi

JIBU: Sio sawa mama. Kupiga ukutani kunapasua mikunjo. Mwambie aisuuze kwa mpira wa maji wa kawaida kuanzia juu kushuka, sio mashine ya kuoshea magari, halafu ailoweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya kukata mafuta, maana mafuta ya kujipaka ndio yanayoziba. Asidi ni ya chokaa na inakuja baada ya sabuni, ukianza nayo mafuta yanagandia humo humo. Na asidi ndio inamiminwa kwenye maji, sio maji kwenye asidi, tena ndoo iwe haijawahi kukaa klorini, vikikutana hivyo vinatoa gesi ya kuua. Bendi zinazoshika mikunjo zikikatika nunueni filta nyingine, na hiyo ya zamani msimwachie mtu akachujie maji ya kunywa, imekunywa migongo ya wageni wote wa mwaka mzima.