Mwanangu, wajukuu watakula nini Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza mkija Mwanza Julai kwa wiki tatu, hawa wajukuu wangu wasiogusa kitu zaidi ya chipsi, fishi finga (vijiti vya samaki vyenye ganda la chenga za mkate), makaroni ya jibini na mkate wa siagi watakula nini, na kama ujaze sanduku zima vyakula vya huko Leeds, Uingereza. Usijaze. Karibu vyote hivyo vinapatikana au kupikika hapa. Mtoto mchaguzi hajali chakula kimetoka nchi gani. Anatazama umbo na rangi, na namna kinavyokaa mdomoni. Tukivipata hivyo, watakula.

Beba tu vile ambavyo hapa viko tofauti. Cha kwanza ni tomato sosi wanayoijua, chupa mbili. Ya vibandani ni nyepesi na tamu zaidi, na mara nyingine imeongezwa maji. Mtoto akiionja kwenye chipsi ya kwanza atasukuma sahani yote. Cha pili ni unga wa mchuzi wa jibini, pakiti sita hivi, hauna uzito. Ongeza biskuti zao za kutafuna Dar mkisubiri ndege ya Mwanza. Sosi iwekwe kwenye sanduku kubwa, maana kwenye mzigo wa mkononi inahesabiwa kama kimiminika. Nyama na jibini viache huko, mazao ya mifugo yanataka kibali kuingia nchini. Na vitu vibaki kwenye pakiti zake, usivitie kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Weetabix usihangaike nayo. Inatengenezwa Kenya na supamaketi za hapa zinayo.

Mkate na siagi vinaonekana vyepesi, lakini ndivyo vinavyoleta kilio asubuhi. Ukiagiza mkate na siagi hotelini, mara nyingi utaletewa Blue Band, ambayo ni majarini, na mtoto aliyezoea siagi ya maziwa ataitambua kwa ulimi. Nitanunua siagi halisi Rock City Mall, nawe ukienda hotelini beba kidogo kwenye kikopo. Mkate wa slesi wa hapa una sukari kuliko wa kwenu. Ukiubanika kidogo utamu haujitokezi sana. Maziwa ya pakiti yanayokaa muda mrefu yana ladha ya kuchemshwa, basi wape yakiwa baridi sana. Ya ng'ombe ya kuchemsha yachuje, ule utando wa juu ndio wanaoukataa.

Chipsi ziko kila kona, ila jua namna ya kuagiza. Sema: "Naomba chipsi kavu, zikauke vizuri, kachumbari na pilipili pembeni." Usiposema hivyo, kachumbari itamwagwa juu na chipsi zitalainika kabla hamjakaa. Chipsi mayai usiwape siku za mwanzo, kwao ni chakula kingine kabisa. Wakaangaji wengi huzikaanga nusu mapema, kisha huzimalizia mteja akifika. Mafuta yakiwa hayajapata moto wa kutosha, zinayanywa na kulegea. Nenda mchana, mafuta yakiwa bado mapya. Nyumbani nitakata viazi mviringo unene wa sentimita 1, niviloweke dakika 30 kutoa wanga, nivikaushe, kisha nikaange mara mbili: kwanza dakika 6 kwa moto wa wastani bila kubadilika rangi, vikishapoa nivirudishe dakika 2 kwa moto mkali.

Sasa samaki, na hapa Mwanza inaishinda Leeds. Sato mzima mwenye macho usimweke mbele yao wiki ya kwanza. Tunachotaka ni sangara, nyama nyeupe yenye mapande makubwa, isiyo na harufu kali akiwa mbichi kweli. Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria hapa inasafirishwa Ulaya miaka mingi, kwa hiyo huenda wameshamla bila kujua. Mwaloni Kirumba ni soko la dagaa na kayabo zaidi, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa. Harufu yake ni kali kwa mtoto mgeni, basi usiwapeleke siku ya kwanza. Samaki mbichi nitamfuata kwenye mwalo wa Igombe asubuhi. Akiwa mzima, mashavu ya ndani yawe mekundu. Ukinunua mnofu, bonyeza kwa kidole, nyama irudi juu.

Kwa fishi finga, pima nusu kilo ya mnofu. Pitisha kidole kuanzia upande wa kichwani, na kila mwiba unaougusa uchomoe, kwa sababu mwiba mmoja ukimkuta mtoto, samaki amekwisha kwa safari nzima. Kata vipande vya unene wa sentimita 2 na urefu wa 8, vilingane. Nyunyiza kijiko 1 cha chai cha chumvi, acha dakika 10, kisha futa maji yote kwa kitambaa kikavu. Wengi wanaharibu hapa: samaki mwenye maji hutoa mvuke kwenye mafuta, ganda linaachia na kubaki linaelea peke yake. Andaa sahani tatu: unga wa ngano vijiko 4 vya chakula, mayai 2 yaliyopigwa, na chenga za slesi 6 za mkate wa jana uliokaushwa kwenye kikaango bila mafuta. Kila kipande kipite kwenye unga, yai, kisha chenga, halafu vyote vikae kwenye friji dakika 20 ili ganda lishike.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 4. Tupia chenga moja: ikitoa povu taratibu, sawa, ikiwa nyeusi mara moja, punguza mkaa. Kumbuka ile sukari ya mkate wetu, inaunguza ganda mapema huku ndani samaki hajaiva, ndiyo maana moto uwe wa wastani. Kaanga vipande 4 kwa mara moja, dakika 3 hadi 4. Ukijaza sufuria, mafuta yanapoa na samaki anayanywa. Vitoe kwenye wavu. Kwenye sahani upande wa chini unatoka jasho na kulainika, na mtoto anauona huo huo.

Kuhusu makaroni, ukiwa mgahawani usiseme "tambi" tu, unaweza kuletewa tambi nyembamba za sukari na iliki. Sema makaroni au spageti, bila mchuzi. Nyumbani kuna jambo ambalo wageni hawalifikirii: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi. Ongeza 1 au 2, na uonje kabla ya kumwaga maji. Mayai ya kuchemsha nayo yape dakika 12 yashike hadi kiini. Unga wako wa jibini ukiisha, yeyusha siagi gramu 30, koroga na unga wa ngano gramu 30 kwa dakika 2, ongeza maziwa nusu lita kidogo kidogo mpaka uzito uje, ondoa motoni kabisa, ndipo utie jibini la cheddar gramu 150 lililokwaruzwa. Ukilitia likiwa juu ya moto, mchuzi unakatika, mafuta upande wake na punje upande wake. Jibini la pizza usilitumie, linavuta nyuzi.

Kuku, agiza wa kisasa. Wa kienyeji ana ladha nzito na nyama ngumu, wataitema. Shida ni kwamba shangazi yako atataka kuwachinjia wa kienyeji kwa heshima, na watoto wakikataa kwa sauti ataumia. Basi tutamwambia mapema kuwa wajukuu bado wanajifunza chakula cha nyumbani, watapakuliwa wali mweupe kidogo na tunda, na tutawalisha nusu shibe kabla ya kutoka. Ndizi, papai na tikiti utazipata, embe Julai si msimu wake.

Saa nazo ziangalie. Julai sisi tuko mbele ya Uingereza kwa saa mbili, kwa hiyo mtoto anayekula saa kumi na moja jioni huko, njaa yake hapa inamjia saa moja usiku. Siku tatu za kwanza usimlazimishe kula saa sita mchana kisha ukadhani amekataa chakula. Mkienda kisiwa cha Ukerewe, meli inachukua zaidi ya saa tatu: beba chapati kavu, ndizi na maji ya chupa. Samaki na kuku wa kukaanga usibebe, wala mayai ya kuchemsha, vitu hivyo vikishapikwa havitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili.

Kila mlo nitaweka kitu kimoja cha huku pembeni ya sahani yao, kipande kidogo cha chapati au kiazi kitamu, bila neno lolote. Mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 hata 15 kabla ya kukikubali, na wiki tatu zinatosha kwa kitu kimoja au viwili. Msiwasifie wakionja, wala msiwabembeleze.

Nitumie picha za pakiti za makaroni na mkate wanaokula, nione umbo na unene wake kabla sijaenda dukani, na uniambie kama yule mdogo anakata maganda ya mkate au anayala.

Mama yako